Maji wazi kwenye barafu ya bahari hayamaanishi kwamba barafu imeyeyuka

Picha za setilaiti za Antaktika wakati wa kipupwe huonyesha mabaka ya maji meusi ndani ya barafu ya bahari, na wengi hukimbilia kusema kwamba hapo barafu imeyeyuka. Mara nyingi sivyo. Mabaka hayo huitwa polinya, na yale ya pwani kwa kawaida ni kazi ya upepo.

Chukua Terra Nova Bay, kwenye Bahari ya Ross. Hewa nzito yenye baridi kali huporomoka kutoka nyanda za juu za barafu, ikifika pwani inaisukuma barafu changa mbali na nchi kavu. Upande wa kusini, ulimi wa barafu wa Drygalski huzuia barafu nyingine isije kuziba pengo. Maji yaliyobaki wazi yana nyuzijoto -1.8 hivi, kiwango chake cha kuganda. Vijisindano vya barafu hujitokeza juu yake, upepo huvipanga mistari mistari kisha huvizoa, na vingine huanza. Kwa kweli hapo ndipo barafu hutengenezwa kwa wingi! Chumvi inayoachwa huyafanya maji kuwa mazito, yakazama vilindini.

Zipo polinya za joto. Katika Bahari ya Weddell, kati ya 1974 na 1976, maji ya vuguvugu yalipanda kutoka kilindini na kuacha wazi eneo la kilomita za mraba 250,000 hivi. Mwaka 2017 nyingine ndogo zaidi ilifunguka huko, juu ya mlima wa chini ya bahari uitwao Maud Rise, dhoruba zikisaidia kuyakoroga maji. Hata hapo, joto lilitoka chini, si angani.