Unataka kuchoma mahindi kwenye hita ya peleti? Anza na jivu

Kila baridi inapokaribia, dawati letu la ushauri wa nishati hupokea swali lilelile likiwa limevaa nguo tofauti. Mmoja ana jirani mkulima anayempa magunia ya mahindi yaliyoota ukungu. Mwingine ameona peleti (punje za mbao au mabua yaliyoshindiliwa) za kutandikia farasi zikiuzwa bei ya chini kuliko za kupashia nyumba. Wa tatu anaishi karibu na kiwanda cha juisi na kokwa za cheri zinamwagwa bure. Wote wanauliza: niibadilishe vipi hita yangu ili ile vitu hivi?

Makala haya ni kwa ajili ya ndugu zetu wasemao Kiswahili wanaoishi hapa Ujerumani, walionunua au kupanga nyumba zenye hita au boila ya peleti. Nia yao naielewa. Mwanzoni mwa 2021 tani moja ya peleti ilikuwa chini ya euro 250. Septemba 2022 ikapita euro 700. Bei ilishuka baadaye, lakini aliyeungua mara moja huogopa hata majivu. Na kwa mtu aliyekulia Mbeya, kama mimi, akaona matofali yakichomwa kwa pumba za mpunga tangu utotoni, kuambiwa kwamba pumba hazifai kuwa kuni huonekana ni madeko ya Wazungu.

Si madeko. Tanuri la matofali halina feni, halina kitambuzi cha hewa, halina mabomba membamba ya chuma ambamo moshi hupita ukiachia joto lake. Hita ya peleti ni mashine iliyopangwa kwa chakula kimoja. Swali la kujiuliza si kama kitu kinawaka, maana hata kandambili inawaka. Jiulize kinaacha nini kikishawaka.

Peleti za mbao za daraja la juu, A1, haziruhusiwi kuacha jivu zaidi ya asilimia 0.7. Tani nzima inakuachia kilo zisizozidi saba. Mabua ya ngano huacha karibu asilimia tano, yaani kilo hamsini kwa tani. Pumba za mpunga huacha karibu asilimia ishirini. Watu wakisikia hivyo hunijibu, "Basi nitazoa jivu kila siku." Kuzoa ni kazi ndogo. Tatizo kubwa ni kwamba jivu la mimea ya msimu mmoja huyeyuka.

Mti hujenga mwili wake taratibu kwa miaka. Mahindi, ngano na mpunga hukua kwa miezi, na hunyonya potasiamu nyingi kutoka kwenye udongo na mbolea. Potasiamu ikikutana na silika ndani ya moto, zinatengeneza kitu kama kioo. Jivu la peleti za A1 linatakiwa livumilie hadi nyuzi 1,200 za Selsiasi kabla ya kuanza kulainika. La mabua linaweza kuanza chini ya nyuzi 900, joto ambalo bakuli la moto, ambamo peleti huwakia, hulipita bila shida. Matokeo yake ni bonge gumu, jeusi, linalong'aa, lililoganda chini ya bakuli na kuziba vitundu vya hewa. Moto ukikosa hewa hugeuka wa manjano na kutoa moshi na monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu. Katika boila nyingi kitambuzi huona hali imebadilika, na mfumo hujaribu kurekebisha mambo kwa kubadilisha hewa na kiasi cha mafuta (yaani chochote kinachochomwa, peleti au mahindi), huku tatizo likiwa ni jiwe ambalo hauwezi kulisogeza. Mafuta yanarundikana, na mrundiko ukifika kwenye mdomo wa parafujo inayosukuma mafuta kuingia motoni, moto una njia ya kurudi nyuma kuelekea kwenye tangi.

Kuchekecha mahindi hakuondoi potasiamu. Kuyaosha hakuondoi ya kutosha. Kuyachanganya nusu kwa nusu na peleti za mbao hupunguza kasi ya bonge kujengeka, basi. Nimeeleza hili kwa simu mara nyingi kiasi kwamba mke wangu analijua kwa moyo.

Kisha kuna klorini. Kiwango cha A1 ni asilimia 0.02, mabua yanaweza kuwa na mara kumi ya hapo, wakati mwingine zaidi. Ndani ya moto klorini huwa asidi, na moshi unapopoa kwenye mabomba au juu kwenye dohani, asidi hiyo hutua kwenye chuma. Hutaona kitu msimu wa kwanza. Baadaye utaona matone ya kahawia, halafu tundu, halafu barua ya mtengenezaji ikisema dhamana haitumiki kwa sababu ulichoma kisichoandikwa kwenye kitabu cha maelekezo. Barua hiyo ina haki.

Jambo la tatu ni uzito, na hapa hata mafundi wazuri hujikwaa. Hita nyingi hazipimi kilo. Parafujo inazunguka kwa sekunde kadhaa, inapumzika, inazunguka tena. Mpangilio huo unadhani mita moja ya ujazo ina kilo 600 hadi 750. Ukiweka pumba au maganda mepesi, zamu ileile ya parafujo inapeleka chakula kidogo mno na hewa inakuwa nyingi kupita kiasi. Moto unapoa na kuzimika. Ndiyo maana mtu "hurekebisha" kwa kuongeza muda wa parafujo kwenye menyu ya fundi, aliyoipata mtandaoni pamoja na namba ya siri. Tafadhali msifanye hivyo.

Sasa sheria. Kanuni inayotuhusu, ya Ujerumani kuhusu moshi wa mitambo midogo ya kuchomea, inaitwa 1. BImSchV, na imekuwa ikitumika tangu 22 Machi 2010. Kifungu cha 3 kinaorodhesha kinachoruhusiwa kuchomwa kwenye mitambo midogo, na kisichokuwemo kwenye orodha hakichomwi. Mbao asilia na peleti zake zimo. Mabua, na nafaka isiyokusudiwa kuliwa, zimo pia, na hapa ndipo watu hunishika shati: "Si umeona, zinaruhusiwa!" Soma hadi kifungu cha 5. Zinaruhusiwa tu kwenye mtambo unaojilisha wenyewe, ambao mtengenezaji anasema unafaa kwa mafuta hayo na umepimwa kwa mafuta hayohayo. Tena nafaka, tofauti na mabua, ni katika shughuli za kilimo, misitu, bustani, au biashara zinazoshughulika na nafaka kama vinu tu. Sebule yako si kinu. Mbao zilizopakwa rangi au kugundishwa zina masharti yake: karakana za mbao, mtambo wa kilowati 30 kwenda juu. Vumbi la kabati la zamani halimo kwa namna yoyote nyumbani.

Jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba kifungu cha 2 kinahesabu kuhamia aina nyingine ya mafuta kuwa badiliko kubwa la mtambo, isipokuwa mtambo tayari umeandaliwa kwa mafuta yote mawili. Kwa hiyo hata kama hujagusa skrubu hata moja, umebadilisha mtambo machoni pa sheria. Utaratibu unakuwa huu. Kabla ya kuwasha, unazungumza na fundi dohani wa wilaya aliyeidhinishwa, yule ambaye jina lake limo kwenye karatasi iitwayo Feuerstättenbescheid. Yeye ndiye anayetamka kama hita na dohani vinafaa. Boila ya kilowati nne au zaidi hupimwa moshi ndani ya wiki nne tangu ianze kutumika, na baada ya hapo kila miaka miwili. Kwa boila zilizofungwa tangu 2015, vumbi lisizidi gramu 0.02 kwa mita ya ujazo na monoksidi ya kaboni isizidi gramu 0.4. Ukishindwa kipimo, una wiki sita za kurekebisha na kupimwa tena. Boila ya mabua au nafaka yenye ukubwa wa kuanzia kilowati nne hadi chini ya 100 inatakiwa iwe imepita pia kipimo cha sumu ya dioksini katika majaribio ya mtengenezaji, na hicho ndicho ambacho boila ya peleti za kawaida haina kwenye makaratasi yake.

Hita ya sebuleni iliyopimwa kiwandani haipimwi hivyo kila miaka miwili. Msifurahi mapema: fundi dohani hukagua nyumba mara mbili ndani ya miaka saba, na anayo haki ya kutazama mafuta unayoyatumia. Bonge la kioo ndani ya bakuli analitambua kabla hajavua glavu. Faini kwa kuchoma kisichoruhusiwa inaweza kufika euro 50,000. Sijaona mwenye hita ya sebuleni akifikishwa huko, na sitaki kumtisha mtu kwa namba. Kinachoumiza zaidi ni bima: moto ukitokea na ikathibitika ulifanya uzembe mkubwa, kampuni inaweza kupunguza malipo kulingana na uzito wa kosa lako. Mpangaji ajue pia kwamba hita ni mali ya mwenye nyumba.

Kwa peleti za farasi jibu ni fupi. Baadhi ni mbao safi, baadhi ni mabua, na mfuko mara nyingi hausemi. Tafuta alama ya ubora wa peleti za mbao, ENplus, yenye namba inayoanza na herufi za nchi. Isipokuwepo, waachie farasi.

Anayetaka kweli kuchoma kitu kingine, njia ipo: anunue mtambo uliotengenezwa na kupimwa kwa kitu hicho, wenye bakuli linalojisukuma au kujigeuza ili kuvunja mabonge, na chuma kinachovumilia asidi, na kwa nafaka awe mkulima au mwenye kinu. Huko Italia na Hispania wanachoma kokwa za zeituni kwenye mitambo iliyoandaliwa hivyo. Kununua mtambo mpya ni tofauti na kumfundisha paka kula nyasi.

Na wanaojaza chumba kizima cha peleti wakati bei iko chini, mmefanya hesabu nzuri, ila chumba hicho kina hatari yake. Peleti mpya hutoa monoksidi ya kaboni zikiwa zimelala tu, bila moto. Watu walikufa kwenye maghala ya peleti hapa Ujerumani mwaka 2010 na Uswisi mwaka 2011. Gesi hiyo haina harufu. Usiingie ghalani peke yako, zima mtambo kwanza, fungua na uache hewa ipite, na usimtume mtoto kuchungulia zimebaki ngapi.

Ukija kwetu kwa ushauri, lete picha ya kibandiko kilicho nyuma ya hita, karatasi ya fundi dohani, na jivu la jana kiasi cha ngumi moja. Jivu lije ndani ya kopo la bati, likiwa limepoa. Kuna aliyelileta kwenye mfuko wa nailoni, na zulia la mapokezi bado lina tundu.