Kupima fangasi wa viungo vya ndani kwa njia ya vinasaba: maswali na majibu

Je, hawa ni fangasi wale wale wa miguuni na ukeni?

Baadhi yao ni wa jamii moja, lakini hapa tunazungumzia fangasi waliokwisha kupenya hadi kwenye damu, mapafu, ubongo au viungo vingine vya ndani. Candida, ambaye kwa kawaida huishi tumboni na kwenye ngozi bila kumdhuru mtu, hupata njia ya kuingia kwenye damu kupitia mrija uliowekwa kwenye mshipa mkubwa, au baada ya upasuaji wa tumbo. Aspergillus huvutwa pamoja na hewa, na huota mapafuni mwa mgonjwa ambaye chembe zake nyeupe za damu zimeshuka kutokana na dawa za saratani.

Kuna ubaya gani kuendelea kuotesha sampuli maabara kama zamani?

Kuotesha hakuachwi, kwa sababu bila fangasi aliyeota ni vigumu kupima dawa zote zinazoweza kumuua. Tatizo ni kwamba damu inayooteshwa hubaini takriban nusu tu ya wagonjwa wenye Candida aliyeenea mwilini, na chupa huhitaji siku 2 hadi 3, wakati mwingine zaidi, kabla ya kuonyesha chochote. Aspergillus ni nadra sana kuota kutoka kwenye damu, na Pneumocystis jirovecii, anayesababisha nimonia kali kwa watu wenye kinga dhaifu, haoteshwi kabisa katika maabara za hospitali.

Hata anayeota anaweza kupewa jina lisilo lake. Candida auris, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 2009, amekuwa akitambuliwa na mashine zinazotegemea kemia ya seli kuwa ni Candida haemulonii. Jambo hili si dogo kwetu: katika hospitali moja ya Nairobi, kati ya wagonjwa 201 waliokuwa na Candida kwenye damu kuanzia mwaka 2010 hadi 2016, asilimia 38 walikuwa na Candida auris, ambaye mara nyingi hasikii flukonazoli, dawa ya fangasi inayotumika sana, na huhama kutoka kitanda hadi kitanda. Kusoma mpangilio wa vinasaba vyake huondoa utata huo.

PCR ya fangasi ina ugumu gani kuliko ile ya virusi?

PCR ni kipimo kinachonakili kipande cha vinasaba mara nyingi hadi kiweze kuonekana. Ugumu wa kwanza ni ukuta wa seli. Fangasi amejifunika kwa ukuta mgumu ambao dawa za kawaida za kutoa vinasaba hazitoshi kuuvunja, hivyo mtaalamu wa maabara hulazimika mara nyingi kuitikisa sampuli kwa kasi pamoja na shanga ndogo za kioo. Wa pili ni uchache: mililita moja ya damu inaweza kuwa na seli moja au mbili tu, ndiyo maana kipimo hulenga jeni za ribosomu (viwanda vya protini vya seli), ambazo kila seli ya fangasi inazo kwa nakala nyingi. Wa tatu, ambao kwa maoni yangu ndio unaopuuzwa zaidi, ni kwamba mbegu za fangasi zimo hewani na hata ndani ya vitendanishi, yaani kemikali za kipimo. Kila awamu ya upimaji lazima iambatane na kirija kisicho na sampuli ya mgonjwa. Kirija hicho kikitoa majibu chanya, majibu chanya ya awamu nzima hayaaminiki na kazi hurudiwa.

Majibu yakitoka chanya, mgonjwa anao ugonjwa?

Si lazima, na hapa ndipo madaktari wengi hujikwaa. Uchambuzi wa mwaka 2019 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha matokeo ya tafiti za tiba, kuhusu PCR ya Aspergillus kwenye damu ulionyesha kwamba jibu moja chanya hubaini takriban asilimia 79 ya wagonjwa, huku wasio na ugonjwa wakipata jibu hasi kwa takriban asilimia 80. Chukua wagonjwa 100 wa saratani ya damu, 10 kati yao wakiwa na ugonjwa kweli. Kipimo kitawapata 8, lakini pia kitawataja wengine 18 ambao hawana. Ukisubiri majibu chanya mawili, waliotajwa bure hushuka hadi 4 au 5, ingawa wagonjwa wa kweli wanaobainika nao hupungua hadi 6.

Jibu hasi ndilo lenye nguvu zaidi: katika mfano huo, kati ya watu 74 wenye jibu hasi ni 2 tu wanaoumwa. Kwa hiyo mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 unahesabu PCR ya damu kuwa ushahidi pale tu inapokuwa chanya mara mbili mfululizo, au mara moja pamoja na maji yaliyooshea mapafu. Mgonjwa ambaye tayari anapewa dawa ya kinga dhidi ya Aspergillus ni suala jingine, kwani dawa hiyo hupunguza uwezo wa kipimo cha damu kumbaini.

Kuna fangasi ambaye hahitaji PCR?

Cryptococcus, anayeshambulia ubongo na utando wake. Kwa mtu mwenye VVU anayeumwa kichwa sana, kipimo cha haraka cha kijiti kwenye damu au maji ya uti wa mgongo hutoa jibu ndani ya dakika 10 hivi, kwa uhakika mkubwa na bila mashine.

PCR inaweza kuonyesha usugu wa dawa?

Kwa kiasi. Kwa Aspergillus fumigatus, maabara inaweza kutafuta mabadiliko kwenye jeni ya cyp51A yanayomfanya asiuawe na dawa za kundi la azoli, kundi kubwa la dawa za fangasi. Mabadiliko hayo yanahusishwa na viuakuvu vya mashambani, na mwaka 2014 watafiti waliripoti kuyakuta kwenye sampuli za mazingira kutoka Kilimanjaro.

Daktari apeleke sampuli gani?

Damu iwekwe kwenye kirija chenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, au ipelekwe seramu (maji ya damu iliyoganda), na ichukuliwe zaidi ya mara moja. Kipande cha nyama kilichokatwa kwenye mapafu au puani kigawanywe kabla hakijaguswa na fomalini, kwa kuwa fomalini huharibu vinasaba: sehemu moja iende kwa mwanapatholojia, na nyingine iende maabara ya vijidudu ikiwa kwenye maji ya chumvi safi.