Je, wajua kwa nini ua la mlango wa Mji Mkongwe huonekana bila ya kupakwa rangi?

Ukisimama mbele ya mlango wa kale mjini Unguja na kuutazama mfaa, yaani ule mti wa katikati unaosimama pale vipande viwili vya mlango vinapokutana, pamoja na miimo ya pembeni, utaona maua na minyororo iliyochongwa, na katika milango mingine hata samaki. Mti ni mmoja na rangi yake ni moja, kahawia tangu juu hadi chini. Basi jicho hulitambua ua kwa kitu gani?

Jawabu ni kivuli, na kivuli hicho hutengenezwa kwa makusudi. Fundi huanza kwa kuchora mstari juu ya ubao. Mstari hulielekeza jicho lipite wapi, na mwisho wake unapokutana na mwanzo, huzaa umbo, kama vile duara au jani. Umbo hilo bado ni bapa, lina urefu na upana tu. Hapo ndipo patasi inapoingia, na wengi hudhani kwamba hulichimba ua, hali ya kuwa huchimba ubao ulio kando yake na kuushusha, ili ua libaki juu. Kisha kingo za kila petali huinamishwa kidogo kidogo mpaka umbo lipate unene. Ile sehemu iliyoshushwa huitwa nafasi, na ijapokuwa watazamaji huipuuza, bila ya hiyo ua lisingekuwapo.

Mwanga ukiangukia uso kama huo hauwezi kugawika sawasawa: upande unaoelekea jua hung'aa, upande wa pili hufifia, na ndani ya mfereji huwa giza. Daraja hizi za weupe na weusi ndani ya rangi moja ndizo wasanii wanazoziita toni. Kwa hivyo mlango uleule hubadilika kwa saa. Jua likiupitia kwa ubavu, vivuli hurefuka na nakshi hutokeza. Mawingu yakitanda na mwangaza ukatoka kila upande, nakshi hulala.

Akili nayo ina sehemu yake. Kwa kuwa jua na mbingu viko juu yetu, akili huchukulia kwamba mwanga hutoka juu. Piga picha ya ua la mlango lililoangaziwa kutoka juu, kisha uigeuze juu chini: mara nyingi ua lililotokeza litaonekana limebonyea, ingawa mti haukuguswa.

Kanga hufuata njia nyingine kabisa. Pindo na mji wake, yaani sehemu ya katikati, huonekana kwa sababu rangi moja imewekwa kando ya nyingine, na kanga hubaki kanga juani na kivulini. Mchongaji hana msaada huo, na kwa maoni yangu ndiyo maana kazi yake ni ngumu zaidi, kwani kina cha mfereji kikikosewa, hakuna rangi ya kuficha kosa. Mtu anayetaka kulisoma hilo kwa utulivu aangalie milango yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, kisha ile yenye kizingiti cha nusu duara iliyofuata mtindo wa Kihindi, alinganishe jinsi mchongo ulivyochimbwa.

Naumia kila nionapo mlango wa namna hii umepakwa rangi nzito ya mafuta, tabaka juu ya tabaka. Rangi hiyo hujaa ndani ya mifereji, kina hupungua, na kivuli hukosa pa kukaa, hata ua la petali nyingi likageuka duara tupu. Mafuta mepesi ya mbao hayafanyi hivyo, kwa kuwa hupenya ndani ya mti na kuiacha mifereji wazi.