Je, wajua kwa nini pikapu ya umeme bado haijaing'oa Hilux ya mazutu (dizeli) Lubumbashi?

Kobalti inachimbwa Kolwezi, shaba inasafirishwa usiku na mchana kupitia Kasumbalesa, na gari moja la umeme linameza takriban kilo 80 za shaba, zaidi ya mara tatu ya gari la injini. Basi mtu wa Katanga ana haki ya kuuliza: kama mali inatoka kwetu, mbona barabara ya Likasi bado imejaa Hilux na Land Cruiser za mazutu?

Kwa kazi fulani pikapu ya umeme iko tayari kabisa. Kwa nyingine haiko tayari, na haitakuwa tayari kwa miaka kadhaa. Motere si tatizo, maana motere ya umeme ni bora kuliko injini karibu kwa kila kipimo. Kinachoamua ni mahali gari linapolala, na kilomita linazopiga kabla ya kurudi kulala hapo.

Tuanze na hesabu ya tangi. Lita moja ya mazutu ina nishati ya karibu kilowati-saa (kWh) 10. Tangi ya Hilux huchukua lita 80, yaani kWh 800, na mafuta yote hayo yana uzito wa kilo 67 tu. Injini ni mharibifu: karibu theluthi mbili ya nishati hiyo hupotea kama joto kwenye radiata na kwenye bomba la moshi. Hata hivyo kWh 240 hivi hufika magurudumuni.

Sasa weka pembeni yake Hilux ya umeme ambayo Toyota iliitangaza Novemba 2025. Betri yake ni ya kWh 59.2. Motere yake haipotezi hovyo, kwa hiyo kWh 50 na kidogo hufika chini. Ni kama moja ya tano ya kile alichonacho jirani yake wa mazutu. Utasema: si waongeze betri? Kilo moja ya betri, ukihesabu na kasha lake, hubeba takriban kWh 0.15. Ili kuufikia uwezo wa tangi lile la lita 80 ungehitaji betri ya kWh 270 hivi, yaani kilo 1,800. Pikapu yenyewe imeundwa kubeba tani moja. Ungekuwa umeshapakia kupita kiasi kabla ya kuweka gunia la kwanza la unga.

Ndiyo maana namba za kiwandani ziko jinsi zilivyo. Hilux ya umeme hutembea kilomita 240 kwa kipimo cha Ulaya, hubeba kilo 715 na huvuta kilo 1,600, wakati ile ya mazutu huvuta hadi kilo 3,500. Isuzu wamefanya uamuzi tofauti: D-Max yao ya umeme ina betri ya kWh 66.9, hubeba zaidi ya tani moja na huvuta kilo 3,500, lakini umbali wake ni kilomita 263, si tofauti kubwa. Na huo ni umbali bila trela. Trela kubwa hukata umbali karibu nusu, hasa kwa sababu ya upepo linaougonga.

Hata Marekani, ambako Ford F-150 Lightning ilikuwa na betri ya hadi kWh 131 na umbali wa kilomita 515, mambo hayakwenda kama walivyotarajia. Desemba 2025 Ford ilitangaza kwamba kizazi kijacho cha gari hilo kitabeba injini ya kuzalisha umeme humo humo ndani.

Turudi barabarani. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita 120 hivi, hadi Kolwezi karibu 300. Kipimo cha Ulaya hakikufanywa kwa mzigo wa kilo 600 na mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Katika hali hiyo, kwenye Hilux ya umeme hesabu kilomita 170 hadi 190. Likasi utafika vizuri. Kolwezi hufiki bila kuchaji njiani, na ukiishiwa katikati hakuna kijana wa kukuuzia umeme kwenye bidoni. (Wengine huogopa mlima, kwa kuwa Kolwezi iko juu ya Lubumbashi kwa mita zaidi ya 200. Kupandisha gari la tani tatu kiasi hicho hula kWh 2 tu. Adui ni mwendo kasi: ukishuka kutoka 110 hadi 80 kwa saa, utaokoa zaidi kuliko kwa ujanja mwingine wowote.)

Kuchaji nyumbani ndiko kunakowashinda wengi, na makosa huanzia kwenye prizi. Prizi ya kawaida ya volti 220 haikutengenezwa kubeba ampea 16 saa kumi mfululizo. Ya bei rahisi itayeyuka. Kwa usalama weka chaja kwenye ampea 10, yaani kilowati 2.2. Umeme ukikaa saa 8 bila kukatika, betri itapata kWh 15 hivi baada ya upotevu. Hizo ni kilomita 55 za gari lenye mzigo. Kwa mkuu wa mradi anayezunguka Golf, Bel-Air na katikati ya jiji, zinatosha. Kwa mwenye kwenda Kasumbalesa na kurudi, kilomita 180 hivi, hazitoshi.

Ukitaka kujaza betri kwa usiku mmoja, unahitaji chaja ya ukutani ya ampea 32, kilowati 7. Inavutwa kwa waya wake wa shaba wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye mita, disjonta yake ya ampea 40, na disjonta difereshali ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja. Usiiunge kwenye laini ya friji. Halafu fikiria kabini (transfoma) ya mtaa: kilowati 7 ni sawa na resho saba za wati 1,000 zikiwaka pamoja hadi alfajiri. Jioni, watu wanapopika, volti zikishuka hadi 170, chaja nyingi hupunguza kasi au hukata kabisa. Asubuhi shoferi anakuta betri iko pale pale.

Kuna kero nyingine ambayo wauzaji hawaitaji: waya wa ardhini. Chaja hupima kwanza kama parseli ina ardhi ya kweli, na isipoiona hukataa kufanya kazi. Nyumba nyingi hazina. Zenye nayo, mara nyingi ni nondo moja fupi iliyopigwa udongoni, ambayo hufaa wakati wa mvua. Ikifika Agosti au Septemba udongo umekauka, haupitishi tena umeme vizuri, na chaja iliyofanya kazi Machi inaanza kuwasha taa nyekundu. Fundi hubadilisha chaja, na chaja haina kosa. Dawa ni nondo mbili au tatu za shaba, kila moja mita 2, zikiachana mita 2 au zaidi na kuunganishwa kwa waya mnene.

Je, grupu, yaani jenereta? Hapa hesabu inachekesha. Grupu ya mazutu hutoa kWh 3 hadi 3.5 kwa lita. Kwa kilomita 100 zenye mzigo, unahitaji kWh 30 kutoka ukutani, yaani lita 9 au 10. Hilux ya mazutu hula hizo hizo. Umenunua gari ghali, umenunua na grupu, na bado uko kwenye foleni ya stesheni. Tena grupu nyingi ndogo hazijaunganisha nyutro yake na ardhi, kwa hiyo chaja huona hakuna ardhi na kugoma hadi fundi aunganishe.

Jua ni habari nyingine. Katanga kilowati moja ya paneli hutoa kWh 4.5 hadi 5 kwa siku ya kiangazi. Kwa zile kWh 30 unahitaji kilowati 6 au 7, yaani paneli 12 za wati 550. Januari mawingu yatakupunguzia. Kikwazo kikubwa ni saa: jua likiwaka, pikapu iko kazini. Kwa hiyo mfumo huu unamfaa mwenye shamba, shule au karakana ambako gari hupumzika mchana, la sivyo ulipie betri za kuhifadhi, na hapo bei hupaa.

Kwenye matengenezo umeme unashinda, na mwenye gari la mazutu ya kisasa analijua hili kwa uchungu. Hakuna oili, hakuna filta ya mafuta, hakuna injekta za kuuawa na mazutu machafu. Breki hudumu kwa kuwa motere yenyewe hupunguza mwendo. Ila kuna mambo matatu ambayo garaji lazima liyajue. Kwanza, nyaya za rangi ya machungwa zina volti karibu 400: zima gari, ondoa kikata umeme cha betri kubwa, subiri dakika 10, vaa glavu za volti 1,000, kisha upime kabla ya kugusa. Pili, betri ndogo ya volti 12 bado ipo, na ikifa gari haliwaki hata kama kubwa imejaa. Pikapu nyingi zinazodaiwa "zimekufa" zinahitaji hiyo tu. Tatu, gari la umeme lililoharibika halivutwi kwa kamba magurudumu yakizunguka, kwa sababu motere hugeuka kuwa jenereta na kuunguza vifaa vyake. Lazima lipandishwe juu ya lori. Kwenye njia ya vumbi kilomita 60 kutoka lami, hiyo ni gharama ya kweli.

Nani basi anunue leo? Migodi, kwanza kabisa. Ina umeme wake au laini yake, magari hurudi kambini kila zamu, na chini ya ardhi, kama Kipushi, kila lita ya mazutu isiyochomwa ni moshi ambao feni hazilazimiki kuutoa. Australia kampuni ya BHP ilianza kujaribu Land Cruiser ya umeme mgodini tangu 2021. Baada ya migodi ni wasambazaji wa ndani ya jiji. Kwa wengine wote, pikapu ya mchanganyiko inaeleweka zaidi: BYD Shark ina betri ya kWh 29.6 pamoja na injini ya esansi (petroli), hivyo mjini hutembea kwa umeme na barabara ya Kolwezi haikushindi.

Ukinunua iliyotumika kutoka China, angalia tundu la kuchajia. Magari ya soko la China huja na tundu la GB/T, kiwango cha China, wakati chaja za haraka za aina ya Ulaya ni za CCS2. Tundu za chaji ya kawaida zinafanana kwa macho, lakini haziingiliani, na adapta ya chaji ya haraka si kitu cha kuokota sokoni. Omba waya wa kuchajia uje na gari. Kisha unganisha kifaa cha kusoma kompyuta ya gari uone afya ya betri: ikiwa asilimia 80, zile kilomita 240 zimekuwa 190, na hapo bado hujapakia kitu.