Makazi ya kobe wa majini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kobe wa majini anayeuzwa zaidi duniani ni yule mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, ambaye asili yake ni bonde la mto Mississippi, Marekani. Anauzwa akiwa kichanga, anaenea kiganjani, na hapo ndipo uongo wa kwanza unapoanza: kwamba atabaki mdogo kulingana na chombo alichowekwa.

Hakuna kobe anayepimia mwili wake na beseni. Gamba la jike hufikia urefu wa sentimita 25 hadi 30, dume huwa mdogo zaidi, na wakitunzwa vyema huishi miaka 20 hadi 40. Akidumaa, basi ameponzwa na lishe duni, maji machafu na baridi. Huyo ni mgonjwa. Kipimo wanachotumia wafugaji wengi ni lita 40 za maji kwa kila sentimita 2.5 za gamba, kwa hiyo jike mzima anahitaji lita 400 au zaidi. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kumnunua.

Wengine husema maji yanamtosha, maadamu ni wa majini. Hayamtoshi. Mwili wake hauzalishi joto la kumtosha, hulichukua nje. Lazima awe na jukwaa la kupanda mwenyewe, akauke kabisa hadi tumboni, chini ya joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, huku maji yakiwa kati ya nyuzi 24 na 27. Akikosa joto, chakula hakisagiki tumboni. Akikosa kukauka, gamba huota ukungu na kuoza.

“Nimemweka dirishani, jua analipata.” Dhana hii inaumiza kobe wengi, tena walio mikononi mwa watu wanaowapenda. Kioo hupitisha mwanga lakini huzuia karibu miale yote ya urujuanimno aina ya UVB. Bila miale hiyo ngozi haitengenezi vitamini D3, na bila D3 mwili hautumii kalisi, madini ya kujenga mifupa na gamba, hata akilishwa kalisi kila siku. Gamba hulainika, miguu hupinda. Anayefugwa ndani anahitaji taa ya UVB, iwake saa 10 hadi 12 kwa siku na ibadilishwe kila baada ya miezi 6 hadi 12 ingawa bado inawaka, kwa sababu miale hiyo hufifia kabla ya mwanga. Wenzetu wanaofuga ndani huko Ulaya au Marekani hawana njia ya kukwepa gharama hiyo. Aliye Mombasa au Dar es Salaam anaweza kujenga kidimbwi uani, nusu juani nusu kivulini, kiwe na wavu juu wa kuzuia kunguru na kenge. Lakini tangi la kioo lisitolewe juani: maji hupata moto upesi na kobe hufa humo.

Maji kuonekana maangavu si dalili kwamba ni safi. Amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi, haionekani, na kobe huchafua maji kuliko samaki. Nunua chujio la tangi kubwa mara mbili au tatu kuliko lako. Kokoto za mapambo ziwe kubwa kuliko kichwa chake, maana ndogo huzimeza zikaziba utumbo.

Usimtie kobe wa nchi kavu humo. Hajui kuogelea, atazama. Kasa wa baharini hafugwi nyumbani kabisa, analindwa na sheria Kenya na Tanzania.

Na kobe mwenye afya tele anaweza kubeba bakteria wa salmonela, wanaoharisha watu. Ndiyo sababu Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe mwenye gamba la chini ya inchi 4, yaani kama sentimita 10: watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Nawa kwa sabuni kila unapomshika, na vifaa vyake visioshwe kwenye sinki la vyombo.

Ukishindwa kumtunza, usimwachie mtoni ukidhani umemrudishia uhuru. Spishi hii imo katika orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani, na Umoja wa Ulaya ulizuia kumwingiza mwaka 1997. Huwanyang'anya kobe wenyeji chakula na sehemu za kuota jua. Mtafutie mfugaji mwenye nafasi, au muulize daktari wa mifugo nani anaweza kumpokea.