Je, wajua? Beringi ya mpira huvumilia mchanga wa kisima kuliko ya bronzi

Pampu iliyokaa miaka kadhaa kwenye kisima kirefu chenye mchanga ikivutwa juu na kufunguliwa, uharibifu huonekana bila kutafutwa. Impela, yaani magurudumu yanayosukuma maji, zimelika kingoni. Shafti inayoyazungusha, ya chuma kisichoshika kutu, ina mikwaruzo ya mviringo, na ukucha ukipita juu yake unakwama. Ila pale shafti inapopenya katikati ya kila hatua ya pampu (impela moja na chumba chake) kuna kipete cheusi cha mpira chenye mifereji kwa ndani. Ukikibonyeza kwa ukucha kinabonyea, ukiuondoa kinarudi. Si ajabu kukikuta bado kinafaa kazi.

Kipete hicho ndicho beringi yenyewe, kinachoishikilia shafti isiyumbe ikizunguka. Haina gololi, haina grisi, haina oili. Kilainishi chake ni maji yale yale yanayopandishwa, pamoja na mchanga wake. Kwa nini basi mahali panaposuguliwa kuliko pote pawekwe kitu laini kuliko vyote?

Wako wanaosema ni kwa sababu mpira ni wa bei nafuu. Nafuu ni kweli, lakini gharama ya beringi si kitu ukiilinganisha na kazi ya kuvuta pampu kutoka mita mia chini ya ardhi. Mwenye kisima angelipia beringi ya bei mara kumi kwa furaha, mradi isimrudishe kwenye winchi. Dhana iliyoota mizizi zaidi ni ile inayosema mchanga unakata, kwa hiyo ukabiliwe na chuma kigumu, na chuma kikilika kiwekwe kigumu zaidi. Inaonekana haina haja ya kuthibitishwa. Kasoro yake ni kwamba haijauliza mchanga wenyewe ni mgumu kiasi gani.

Mchanga mwingi wa visimani ni kwatzi. Kwenye mizani ya Mohs, inayoanza na talki kwa 1 na kuishia na almasi kwa 10, kwatzi iko kwenye 7. Mizani ya Vickers, wanayoitumia zaidi watu wa vyuma, inaipa kama 1,100. Chuma kisichoshika kutu cha shafti nyingi za pampu hakifiki hata 300, na bronzi za kawaida za beringi ziko chini yake. Hata chuma kilichochomwa na kuzimwa ili kiwe kigumu huishia karibu na 700 au 800. Maana yake ni kwamba anayetoka kwenye bronzi kwenda kwenye chuma, na kutoka hapo kwenda kwenye chuma kigumu, anapanda ngazi ambayo yote iko chini ya mchanga. Ulikaji hupungua kidogo tu katika safari hiyo. Hushuka kwa kishindo pale nyenzo inapoupita mchanga kwa ugumu, na kwa hilo unahitaji vitu kama kabidi ya tungsteni au kabidi ya silikoni. Hizo kweli hutumika katika pampu za visima vibaya sana, na zinafanya kazi. Lakini hupasuka zikigongwa, na hazisamehe shafti iliyopinda hata kidogo.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Chuma laini kikikutana na chuma kigumu, na mchanga ukiwa katikati, kinacholika zaidi mara nyingi ni kile kigumu. Punje hujikita kwenye kilicho laini na kukaa humo kama jino, kisha inaanza kukwangua kilicho kigumu kila kinapopita. Karakana zinazosawazisha vyuma vya vipimo vya makini hutumia kanuni hii kwa makusudi: kifaa cha kusagia hutengenezwa kwa chuma cha kumimina au shaba, laini kuliko kazi inayosagwa, kisha hupakwa unga mkali. Unga unashikwa na kilicho laini na kukata kilicho kigumu. Beringi ya bronzi inayopitisha maji ya mchanga ni kifaa hicho hicho, tofauti ni kwamba hakuna aliyekusudia. Mikwaruzo ya shafti huanzia hapo.

Hapo msomaji makini atauliza: kama laini inayoshika mchanga ndiyo inayomaliza shafti, mpira, ulio laini kuliko bronzi, si ungekuwa balaa?

Jibu liko katika aina mbili za ulaini. Bronzi ikibonyezwa na punje hubonyea na kubaki hivyo. Punje imepata shimo la saizi yake na haitoki tena. Mpira hubonyea, kisha hurudi. Unaweza kulihisi hili kwa mkono. Weka punje moja ya mchanga kati ya migongo ya vijiko viwili, bana, kisha telezesha. Unasikia mkwaruzo, na vijiko vyote viwili vinabaki na mistari. Nguvu yote ya vidole vyako imepita kwenye ncha ya punje moja, na ncha hiyo haina pa kukimbilia ila ndani ya chuma. Sasa ondoa kijiko kimoja, weka soli ya kandambili iliyolowa maji, ubane kwa nguvu ile ile. Punje inazama ndani ya mpira, na soli inakigusa kijiko pande zote za punje. Mzigo sasa umebebwa na eneo zima, na punje inabeba kiasi kidogo tu, kile kinachotosha kuubonyeza mpira mahali pale. Ukitelezesha kijiko, punje haichimbi. Inabingirika pamoja nacho, na ikifika ukingoni mwa soli mpira unaisukuma nje.

Katika beringi, ukingo huo ni mfereji. Mifereji ile ya ndani hukata uso wa mpira katika vipande vyembamba, hivyo punje haiendi mbali kabla ya kudondokea kwenye mmoja wao, na maji yanayopita humo yanaichukua. Watengenezaji wengine hufikia lengo hilo hilo kwa kutengeneza tundu la pembe nane badala ya kukata mifereji: shafti ya duara hugusa pande zile nane bapa, na pembe zinabaki kuwa njia za mchanga.

Umuhimu wa kuutoa mchanga upesi unaonekana ukipiga hesabu. Shafti ya kipenyo cha milimita 25 inayozunguka mara 2,900 kwa dakika, kasi ya kawaida ya pampu za kuzama (zinazoshushwa majini pamoja na mota yake) kwenye umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, huteleza karibu mita 228 kila dakika. Ikifanya kazi saa nane, uso wake umesafiri kama kilomita 109 ndani ya kipete kisichosogea. Kati ya viwili hivyo kuna utando wa maji ambao, mahali ulipo mwembamba kuliko pote, huhesabiwa kwa mikroni. Mchanga laini huanzia mikroni 60 hivi na kwenda juu. Kwa hiyo punje nyingi ni nene kuliko utando ulio mbele yao, na hapo hazina budi ama kukata au kuzama.

Historia ya beringi hizi humtaja Charles Sherwood, mhandisi wa migodi wa Marekani. Husimuliwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 20, beringi za pampu yake ya kutoa maji mgodini zilikuwa zikiisha upesi, akakata kipande cha mpira wa maji na kukipachika mahali pa beringi. Kilikusudiwa kuvusha siku chache, kikadumu kuliko beringi halisi. Visa vya ugunduzi husafishwa kadiri vinavyosimuliwa, kwa hiyo maelezo yake ya ndani yachukuliwe kwa tahadhari. Ila matokeo yake hayana ubishi: beringi za mpira zenye mifereji, zinazolainishwa kwa maji, zipo hadi leo kwenye shafti za rafadha za meli na boti, ambako mchanga ni adui yule yule.

Isidhaniwe kuwa mpira hauna udhaifu. Ukikosa maji, huungua. Kukauka kwa sekunde chache tu kwa kasi kamili kunatosha kuuharibu. Hili huzisumbua hasa pampu ambazo mota iko juu ya ardhi na shafti ndefu inashuka kisimani, ikishikwa na beringi kila baada ya mita 3 au pungufu. Zile zilizo juu ya usawa wa maji huwa kavu pampu inapowashwa, kwa hiyo kisima kirefu cha aina hiyo hupewa tangi dogo la maji ya kumwagia shafti kwanza. Njia nyingine ni kuifungia shafti ndani ya bomba lake lenye oili, na humo bronzi inarudi kwa heshima zake zote, maana mchanga haufiki. Beringi ya chini kabisa ya pampu hizo, kwenye mdomo wa kuvutia maji, mara nyingi huwa ya bronzi iliyoshindiliwa grisi, na juu yake hukaa pete inayozunguka na shafti kama kofia ili mchanga unaoshuka pampu inapozimwa usitue moja kwa moja kwenye beringi.

Oili na mafuta kwenye maji huvimbisha baadhi ya aina za mpira mpaka zinaibana shafti. Punje kubwa zenye makali huuchana. Na mchanga ukizidi, hata mpira hushikilia baadhi ya punje na kuanza kukwaruza, ndiyo maana pampu nyingi huivika shafti koti la chuma kigumu mahali panapokutana na beringi. Swali la mpira kudumu mara ngapi kuliko bronzi halina namba moja ya kulijibu: umbo la punje, kasi, mzigo na wingi wa maji yanayopita hubadilisha kila kitu.

Mota ya pampu ya kuzama ina beringi yake nyingine, inayobeba uzito wa impela na msukumo wa maji kuelekea chini. Ni vibao vidogo vinavyoinama vyenyewe kidogo ili maji yajisokote chini ya diski na kuinyanyua. Ubunifu huo waliufikia watu wawili bila kushauriana, Michell wa Australia na Kingsbury wa Marekani, na beringi kubwa ya Kingsbury iliyofungwa mwaka 1912 kwenye bwawa la umeme la Holtwood, Pennsylvania, imekuwa ikitajwa kwa vizazi kwa kutolika. Kwenye mota, siri ni kuuzuia mchanga usiingie kabisa, kwa sili na kofia ya kuutupa pembeni. Adui mwingine ni kasi ndogo. Kwenye pampu zinazoendeshwa kwa kibadilisha kasi, watengenezaji huonya mota isikae chini ya mizunguko 30 ya umeme kwa sekunde, kwa sababu utando wa maji hauundiki vizuri na vibao vinaanza kusugua.

Hata hivyo beringi ni ngome ya mwisho. Baadhi ya watengenezaji wa pampu za kuzama huruhusu hadi gramu 50 za mchanga kwa kila mita ya ujazo ya maji. Inasikika kama kidogo. Pampu inayotoa mita za ujazo 10 kwa saa, kwa saa nane, itakuwa imepitisha kilo 4 za kwatzi, kila siku. Mchanga unatakiwa kuzuiwa kwenye kisima chenyewe: upana wa matundu ya bomba la chujio uendane na punje za tabaka, changarawe ya kuzunguka bomba ichaguliwe kwa kipimo, na kisima kisukwesukwe na kusafishwa vya kutosha kabla pampu haijashushwa. Wachimbaji wengi hulenga maji yaingie kwenye chujio kwa kasi isiyozidi sentimita 3 kwa sekunde, kwa sababu maji ya haraka hubeba punje ambazo ya polepole huziacha.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Maji yakipungua, hununuliwa pampu kubwa zaidi, ambayo huvuta kwa kasi zaidi na kuleta mchanga zaidi. Wengine hufunga wavu mwembamba kwenye mdomo wa pampu. Wavu unaziba, pampu inakosa maji, na beringi ile iliyokuwa inalindwa inakauka.

Kabla ya kulaumu beringi, jaza ndoo nyeupe ndani ya dakika ya kwanza baada ya kuwasha pampu, na nyingine baada ya robo saa, uziache zitulie. Mchanga ukionekana kwenye ya kwanza tu, tatizo ni mshtuko wa kuwasha: fungua valvu polepole, punguza idadi ya kuwasha na kuzima kwa siku, weka tangi kubwa zaidi. Ukionekana kwenye zote mbili kwa kiasi kile kile, chujio limetoboka au halikuchaguliwa sawasawa, au pampu inavuta kupita uwezo wa kisima. Kubana valvu na kurudia kipimo kutaonyesha kama ni hilo la mwisho.