Bahasha katika habari: ni nini, inalipwaje, na gazeti linapoteza nini

Bahasha ni fedha anayopewa mwandishi wa habari na mtu au taasisi anayoiandika, nje ya kile anacholipwa na chombo chake. Jina limebaki la zamani. Siku hizi bahasha yenyewe huioni mara nyingi, maana fedha inaingia kwenye simu kabla mwandishi hajafika kituo cha daladala. Kwenye karatasi za ofisi inaitwa nauli au posho ya usafiri. Kwenye vyumba vya habari wanaiita mshiko. Ghana wanayo na wanaiita soli, Kameruni wanaiita gombo, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni ugonjwa wetu peke yetu.

Kinachowashangaza wageni wa fani hii ni kwamba haifichwi. Chukua warsha ya kawaida katika ukumbi wa hoteli Dodoma, mji wenye warsha nyingi kwa sababu Bunge, wizara na taasisi zake ziko hapo. Afisa habari ametuma mwaliko jana jioni kwenye kundi la WhatsApp la waandishi. Mgeni rasmi anatarajiwa saa tatu, anafika saa nne na nusu. Anasoma hotuba, inapigwa picha ya pamoja, kisha waandishi wanamzunguka nje ya ukumbi na simu zao kwa dakika tano za maswali. Wakimaliza, karibu na meza ya chai kuna mtu ameshika fomu. Ina safu sita: namba, jina, chombo, namba ya simu, kiasi, sahihi. Mwandishi anajaza, anasaini, anakunywa chai.

Fomu hiyo haitupwi. Inarudi kwa mhasibu, inaambatishwa kwenye marejesho ya masurufu, yaani hesabu ya fedha za kazi zilizochukuliwa mapema, na mkaguzi akija ataikuta kwenye faili. Afisa habari anajua, mhasibu anajua, mhariri aliyemtuma mwandishi anajua. Mnunuzi wa gazeti peke yake ndiye hakuambiwa kwamba habari ya ukurasa wa tano iligharamiwa na mtu anayesifiwa ndani yake.

Ili kuelewa kwa nini hali iko hivi, acha kwanza tabia ya mwandishi, tazama mapato ya gazeti. Gazeti linaishi kwa vitu viwili, nakala na matangazo. Magazeti mengi ya kitaifa yanachapwa Dar es Salaam, na nakala za Dodoma zinasafirishwa usiku kiasi cha kilomita 450. Wakala anachukua sehemu yake, muuzaji wa mezani anachukua yake, na ambazo hazikuuzwa zinarudi kwa mchapishaji kama marejesho: karatasi, wino na mafuta vimeshalipwa, mapato hakuna. Na kabla ya saa mbili asubuhi vichwa vyote vimeshasomwa redioni, na picha za kurasa za mbele zimesambaa kwenye simu. Mpita njia anasimama mbele ya meza ya magazeti, anasoma vichwa akiwa wima, anabishana kidogo na aliye pembeni yake, anaondoka bila kununua.

Matangazo nayo yamehama. Zamani kurasa za katikati zilijaa zabuni na nafasi za kazi za serikali. Sasa zabuni ziko kwenye mfumo wa ununuzi wa umma, NeST, na ajira za serikali zinaombwa kupitia Ajira Portal. Kwa mwananchi ni nafuu kubwa, hakuna ubishi. Kwa gazeti ni kurasa za kulipiwa zilizotoweka moja kwa moja.

Mchapishaji anapobanwa hivyo, gharama ya kwanza kukatwa ni ya mikoani. Ofisi inafungwa, gari linarudishwa makao makuu, na mwandishi aliyekuwa mwajiriwa anageuzwa mwandishi wa kujitegemea, analipwa kwa habari iliyotoka tu. Hali ilifika mahali ambapo mwanzoni mwa mwaka 2023 serikali iliunda kamati chini ya mwanahabari mkongwe Tido Mhando kutathmini hali ya kiuchumi ya vyombo vya habari. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inavitaka vyombo viwawekee waajiriwa wao bima na hifadhi ya jamii. Wa kujitegemea, kwa kuwa si mwajiriwa, anabaki nje ya mlango.

Hebu piga hesabu yake, kwa namba za mfano tu. Tuseme gazeti linamlipa shilingi 10,000 kwa habari moja iliyochapwa. Anataka kwenda Hombolo, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, kuandika kuhusu zabibu zilizokosa mnunuzi. Nauli ya kwenda na kurudi, bodaboda ya kumzungusha mashambani, chakula na bando la kutuma picha, weka 18,000. Habari ikitoka, ana hasara ya 8,000. Mhariri akiiacha kwa kukosa nafasi, hasara ni yote. Siku hiyohiyo mjini kuna warsha yenye chai, chakula cha mchana na nauli ya 30,000, na habari yake inaandikika kwa nusu saa kwa sababu hotuba imegawiwa ikiwa imechapwa. Kuchagua warsha hapo hakuhitaji mtu mwenye tamaa. Kunahitaji mtu mwenye kodi ya nyumba.

Kwa maneno mengine, bahasha ni gharama ya kukusanya habari iliyohamishwa kutoka kwa chombo kwenda kwa anayeandikwa. Ukiitazama hivyo utaona kwa nini semina za maadili, nazo zenye fomu ya nauli mwishoni, hazijaiondoa.

Sasa habari yenyewe. Hii ni ya kutunga, lakini msomaji yeyote wa magazeti yetu ataitambua:

"WAKULIMA wa zabibu mkoani Dodoma wametakiwa kulima kwa kufuata kanuni bora ili kuongeza tija na kujikwamua kiuchumi. Wito huo umetolewa jana jijini hapa wakati wa ufunguzi wa warsha ya siku mbili kuhusu mnyororo wa thamani wa zao hilo."

Hakuna uongo hata mmoja hapo. Wito ulitolewa kweli, warsha ilikuwepo, ni ya siku mbili kweli. Ila mkulima wa Mpunguzi, ambaye zabibu zake huvunwa mara mbili kwa mwaka, hajui la kufanya na habari hiyo. Yeye ana maswali ya aina nyingine. Kilo inanunuliwa bei gani msimu huu, na nani? Analipwa taslimu au baada ya miezi mingapi? Mchuzi wa zabibu, yaani maji yaliyokamuliwa ya kutengenezea mvinyo, uliosindikwa msimu uliopita umeshanunuliwa na viwanda vya mvinyo au bado umejaa matangini, maana ukiwa bado umejaa, hakuna atakayepokea zabibu mpya? Mche anaoambiwa apande unapatikana kituo cha utafiti cha Makutupora au ni wa kwenye hotuba tu? Maswali haya hayakuulizwa kwa kuwa aliyekuwepo ukumbini kuyaulizia hakuwa mkulima, na aliyelipia nauli hakuyahitaji.

Waandishi wengi hujitetea: napokea, lakini naandika ninachotaka. Wapo wanaosema kweli. Tatizo ni kwamba bahasha haiingii sana kwenye sentensi; inaingia kwenye ratiba. Inaamua mwandishi yuko wapi saa nne asubuhi, na wapi hayupo. Inaamua pia orodha ya mwaliko ujao. Afisa habari hamtishii mtu, anaacha tu kumjumlisha yule aliyeuliza swali la kuudhi mara ya mwisho. Baada ya miezi michache waliobaki kwenye orodha wanajua wenyewe ni maswali gani hayaulizwi.

Nauli ya warsha ndiyo aina nyepesi. Ipo nyingine inayolipwa habari ikishatoka: "Ikitoka nitumie, tutaonana." Hapa malipo yameshafungwa kwenye matokeo, na hiyo ni hongo hata kama ni shilingi elfu tano. Kisha ipo ya kuzima. Mwandishi ana nyaraka za mradi wa maji uliolipwa na haujachimbwa, anampigia mhusika kupata upande wake kama maadili yanavyotaka, na mhusika anajibu kwa muamala. Habari haitoki. Mbaya zaidi ni yule anayekusanya nyaraka kwa nia ya kuziuza kwa mhusika tangu mwanzo. Wengi wa hawa hawana gazeti lolote, wana kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na mdomo. Ndio makanjanja, na waandishi wa kweli wanawachukia kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu kila wanapofika sehemu baada yao wanakaribishwa kwa swali, "Nawe unataka shilingi ngapi?"

Aina hizi mbili, ya malipo kwa matokeo na ya kuzima, zinaangukia kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanaweza kuzishughulikia. Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania, chombo kilichoanzishwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995, zinakataza mwandishi kupokea hongo au kishawishi. Nauli inakaa kwenye kivuli kati ya hapo. Ukitaka kujua imevuka mstari, uliza haya: kiasi kinalingana na gharama halisi ya safari au kimezidi mara tano? Mwandishi anayetoka mtaa wa pili analipwa sawa na aliyetoka Kondoa? Angelipwa hata asipoandika kitu? Mhariri anajua? Msomaji ameambiwa? Swali la mwisho ndilo ambalo karibu kila mara jibu lake ni hapana.

Kuna jambo jingine linalosukuma kuelekea ukumbini, nalo si fedha. Februari 2022 serikali ilirudisha leseni za magazeti manne: MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Yote yalikuwa yamefungiwa au kunyang'anywa leseni kwa sababu ya yaliyochapwa. Hakuna gazeti lililowahi kufungiwa kwa kuandika "wametakiwa". Mhariri anayepima habari mbili, moja yenye gharama na hatari ya gazeti kufungiwa na watu kulala njaa kwa miezi, nyingine iliyokuja na picha na hotuba bila kumgharimu chochote, anapima kitu kizito kuliko maadili peke yake.

Msomaji naye hana haja ya kumuuliza mtu ili aijue habari ya bahasha. Tazama vitenzi vya aya ya kwanza: wametakiwa, wameaswa, wamehimizwa, wamepongezwa. Hesabu watu waliozungumza. Akiwa mmoja, na ni mgeni rasmi, endelea kushuku. Tafuta mtu anayeguswa na jambo lenyewe, mkulima, mgonjwa, mwanafunzi, na uone kama amepewa hata mstari. Kisha linganisha na magazeti mengine ya siku hiyo. Ukikuta aya zinazofanana neno kwa neno, zimenakiliwa kutoka kwenye taarifa iliyogawiwa, na majina matatu ya waandishi hapo juu yasikubabaishe. Ishara moja haitoshi kumhukumu mtu, kwani habari ya mzungumzaji mmoja inaweza kuwa halali kabisa, mathalani tangazo la mlipuko wa kipindupindu. Zikikutana tatu au nne, unajua unachosoma.

Watu hawakuacha kununua magazeti kwa sababu walisoma utafiti kuhusu bahasha. Waliacha kwa sababu walifungua kurasa mara nyingi wakakuta hotuba, na hotuba ile waliisikia bure jana yake. Halafu, gazeti lilipochapa kitu kizito kweli, wengine walikuwa wameshazoea kuuliza nani kalipia. Hiyo ni hasara isiyoonekana kwenye marejesho.

Kwa upande wa taasisi, yapo mambo yanayowezekana kesho asubuhi. Taarifa isiyohitaji mkutano itumwe kwa maandishi, ikiwa na takwimu na namba ya simu ya mtu atakayejibu maswali, si namba ambayo haipokelewi. Ukitaka kusifiwa, nunua nafasi na ikubali kuandikwa "Tangazo" kwa herufi zinazosomeka. Na kama kifungu cha nauli za waandishi kimo kwenye bajeti na lazima kitumike, kodi Coaster, wabebe waandishi kumi hadi Mpunguzi, wape maji, waache shambani kwa muda wa saa mbili waongee na wanaowataka bila afisa kusimama pembeni. Gharama inakaribiana na fomu ile ya safu sita, bila kuweka fedha mkononi mwa mtu.

Kwa upande wa chombo, mstari mmoja chini ya habari unatosha kuanzia: "Mwandishi alisafirishwa na waandaaji wa ziara hii." Wahariri wengi wanauogopa wakidhani utawavunjia heshima, na waandaaji hawaupendi. Mara nyingi unaondolewa chumba cha habari saa tatu usiku kwa kisingizio cha nafasi. Mhariri anayetaka ubaki auweke kwenye hesabu ya maneno tangu anapompangia mwandishi kazi, na amlipe mwandishi huyo gharama ya safari ya kurudi peke yake siku nyingine, pale msimu wa kuvuna ukifika na warsha ikiwa imeshasahaulika.